Ulipanda mche, ukapiga selfi, ukaenda zako? Wasikie wa Gazi

Hebu kumbuka Jumatatu ile, Novemba 13, 2023. Serikali ilikuwa imetangaza likizo ya ghafla, si ya kulala bali ya kupanda miti, na nchi nzima ikatoka na majembe. Ukiwa mkweli utakubali kwamba wewe mwenyewe, au mtu unayemjua vizuri, alishika mche, akainama, akapigwa picha, kisha akaiposti kabla hata matope hayajamkauka mikononi.

Sasa swali langu ni dogo tu: ule mche uko wapi?

Siulizi kwa ubaya. Kenya imejiwekea lengo la miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na lengo kama hilo halifikiwi bila watu kuinama. Lakini kuinama ni kazi ya asubuhi moja. Kuna kazi nyingine inayofuata, isiyo na picha nzuri: ya vikao, zamu, hesabu, na kuelewana na jirani ambaye leo hana kuni. Hiyo ndiyo inayoamua kama mche utakuwa mti. Kama unataka kuona watu wanaoifanya kazi hiyo mwaka nenda mwaka rudi, wacha nikupeleke Kwale, kwa wanakijiji wa Gazi na Makongeni.

Ukitoka Mombasa unavuka feri ya Likoni, unapita Ukunda huku hoteli za Diani zikikaa upande wako wa kushoto, kisha unaendelea na barabara ya Lunga Lunga kuelekea Msambweni. Kabla hujafika Msambweni kuna Gazi. Ni kijiji cha wavuvi, na historia yake ni kubwa kuliko kijiji chenyewe, manake hapa ndipo Mbaruk bin Rashid alikuwa na makao yake, yule Mmazrui aliyewasumbua Waingereza mwaka 1895 na 1896. Hiyo ni stori ya siku nyingine. Leo tuko kwa ghuba iliyo mbele ya kijiji, ambamo mito Mkurumudzi na Kidogoweni inamwaga maji yake, na pembezoni mwake kuna msitu wa mikoko wa hekta zaidi ya 600.

Ukisikia msitu usifikirie Karura, na vijia vyake vya kukimbilia asubuhi. Huku miti imesimama kwenye tope la chumvi. Maji yanapanda na kushuka mara mbili kwa siku, na mizizi imejipinda juu ya ardhi kama miguu ya buibui. Chaza wameganda kwenye hiyo mizizi. Chini yake kaa wanachimba mashimo yao, konokono wanatambaa, na kuna samaki wadogo wanaorukaruka juu ya tope kana kwamba wamesahau wao ni samaki. Yangeyange wanasubiri pembeni, wakijua maji yakishuka chakula kiko. Samaki na kamba wengi ambao baadaye huvuliwa nje baharini hupitisha utoto wao humu ndani, ambako samaki mkubwa hawezi kupenya. Kwa hivyo usifikirie mvuvi wa Gazi anahitaji semina ya siku tatu hotelini ili aelezwe faida ya mkoko. Anaijua kwa wavu wake.

Jambo ambalo wengi wetu tuliokulia bara hatujui ni kwamba mikoko si mti mmoja. Kenya ina aina tisa. Kuna mkoko wenyewe, kuna mkandaa, mchu, muia, mlilana, mkomafi na wengine, na kila mmoja una mahali pake. Mlilana husimama mbele kabisa, ukitazamana na bahari na kupigwa na mawimbi. Mkoko hukaa nyuma yake, kwenye tope laini. Mkandaa na mchu utaipata zaidi upande wa nchi kavu. Ukikosea mpangilio huo mti unakufa, basi. Na hilo ndilo kosa ambalo kampeni nyingi za kupanda mikoko zimerudia sehemu mbalimbali duniani: watu wanafika na basi, wanachomeka miche ya mkoko kwenye tope lililo wazi kwa sababu ndipo pana nafasi na ndipo picha inatoka vizuri, wanaondoka. Mwezi unaofuata mawimbi yameshafagia.

Lakini kabla ya kupanda, kulikuwa na kukata.

Watu wa Pwani wamejenga kwa mikoko karne na karne. Hata majina ya magogo yenyewe yanakuonyesha jinsi biashara hiyo ilivyokuwa na utaratibu wake: fito ni nyembamba kabisa, halafu pau, halafu mazio, halafu boriti, halafu nguzo. Ukiingia nyumba ya zamani kule Lamu utaona vyumba ni virefu lakini vyembamba, na sababu yake ni kwamba dari lilibebwa na boriti, na boriti ya mkoko ina urefu wake haizidi. Kukata kwa namna hiyo msitu uliweza kustahimili. Kilichouumiza msitu wa Gazi ni miaka ya 1970, wakati miti ilipokatwa kwa wingi ili iwe kuni za viwanda, vya kuchoma chokaa na matofali. Sehemu nyingine ziliachwa kipara. Miti haikurudi yenyewe, manake ukishaondoa mti wa mama, mbegu inatoka wapi?

Na hapa kuna jambo la kuchekesha kama halingekuwa la kusikitisha. Mikoko yote ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali tangu mwaka 1932, enzi za mkoloni. Kwa karatasi, kila mti uliokatwa Gazi ulikuwa unalindwa.

Mwaka 1991 watafiti wa taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, walianza kupanda upya kwenye zile sehemu zilizo wazi wakishirikiana na wenyeji. Mwanasayansi anayetajwa sana kwa kazi hii ni Dkt James Kairo, ambaye ameichunguza mikoko ya ghuba hiyo kwa miongo kadhaa. Mbegu ya mkoko ni ajabu kidogo: huota ikiwa bado inaning'inia mtini, inakuwa kama rungu jembamba la kijani, halafu ndipo inadondoka. Kwa hivyo kupanda ni kuikusanya na kuichomeka kwenye tope, umbali wa mita moja kutoka kwa nyingine. Rahisi eeh? Ndiyo, mpaka kaa wafike. Kuna kaa wanaokula miche hiyo kama wewe unavyokula miwa. Mlilana nao una wadudu wanaotoboa matawi, na huko mbele unakopandwa mawimbi huing'oa miche michanga. Kuna maeneo wamepanda, wakapoteza, wakapanda tena.

Miche iliyoponea ilikua. Ile ya mwanzo leo ni msitu kamili, na mtu aliyezaliwa mwaka ilipopandwa tayari ni mzazi.

Haya, tuingie kwa pesa, kwa sababu najua ndicho unachosubiri.

Mwaka 2013 vijiji hivyo viwili vilizindua mradi unaoitwa Mikoko Pamoja, ambao hutajwa kuwa wa kwanza duniani wa kijamii kuuza kaboni ya mikoko. Unahusu hekta 117 tu za ule msitu: 107 ni mikoko ya asili na 10 ni ile iliyopandwa. Wazo lenyewe si gumu vile linavyofanywa kuwa. Mti unapokua huvuta hewa ya kaboni na kuihifadhi kwenye mbao zake na mizizi. Mikoko ni hodari zaidi, kwa sababu tope lake halina hewa na majani yanayozama humo hayaozi haraka, basi kaboni inabaki chini miaka na miaka. Ukikata mti na kuvuruga tope, inatoka. Sasa wanakijiji wanasema: sisi tutahakikisha miti hii haikatwi na tutaongeza mingine, na wewe mtu au kampuni huko ng'ambo unayechafua hewa, lipa kwa kila tani tuliyozuia. Shirika la Plan Vivo linaweka masharti na kutoa vyeti, na shirika dogo la hisani la Scotland, ACES, linatafuta wanunuzi. Kiasi ni kama tani 3,000 kwa mwaka.

Katika miaka ya mwanzo hizo tani zilikadiriwa kuleta kama dola 12,000 kwa mwaka. Kwa bei ya dola ya wakati huo, ni kama shilingi milioni moja.

Milioni moja! Sasa fikiria ungekuwa kwenye baraza hilo. Bila shaka kungekuwa na mtu wa kusimama na kusema, tugawane. Na angepigiwa makofi. Lakini chukua simu yako upige hesabu. Vijiji vyenyewe vina watu elfu kadhaa. Ukigawa milioni moja kwa watu elfu tano, kila mmoja anaondoka na shilingi 200. Chipsi na soda, mwaka umeisha. Na mwaka unaofuata yule anayehitaji boriti ana sababu gani ya kuuacha mti, kwa shilingi 200 ambazo ameshazisahau?

Gazi na Makongeni walichagua njia nyingine. Pesa zinaenda kwenye mfuko wa jamii, na wanakijiji ndio wanaoamua zifanye nini. Zimeleta maji ya bomba, zimenunua vitabu vya shule, zimekarabati madarasa. Sehemu nyingine inalipia kazi ya msitu wenyewe. Ukitaka maoni yangu, hapa ndipo akili ya mradi ilipo, kuliko hata kwenye sayansi ya kaboni. Mama anayechota maji karibu na nyumba anaona kila siku kile mti ulichomletea. Mtu akionekana usiku na panga kule msituni, hagombani na askari wa serikali. Anagombana na mama huyo, na mtoto wake mwenye kitabu, na shangazi yake mwenyewe. Jaribu wewe kukata mti ambao shangazi yako anauhesabu.

Ile kazi isiyo na picha niliyoitaja mwanzo, hii hapa. Kuna kamati iliyochaguliwa kutoka vijijini, na kamati maana yake ni mikutano, kumbukumbu za mikutano, na watu kuuliza pesa zilienda wapi. Kuna walinzi wanaozunguka msituni wakiangalia visiki vipya. Kuna kupima: unaingia kwenye tope na kamba, unapima unene wa miti ile ile kwenye viwanja vile vile, unaandika, manake mnunuzi wa ng'ambo hanunui maneno, ananunua tani. Kuna kupanda kila mwaka, kama miche 4,000, ambayo kwa nafasi ya mita moja inajaza karibu hekta 0.4. Ni kidogo, nakubali. Ni zaidi kidogo tu ya nusu ya uwanja wa mpira. Lakini ni kila mwaka, na wanajua iko wapi.

Halafu kuna suala la kuni, ambalo watu wa mijini husahau. Ukimwambia mtu asikate mkoko, nyumba yake ataijenga na nini, na atapikia nini? Kama hujibu hilo, hujalinda msitu. Umemhamisha tu mkataji kutoka zile hekta 117 hadi zile mia tano zilizobaki za ghuba hiyo hiyo. Kwa hivyo wamepanda mivinje nchi kavu. Mvinje hukua haraka, unatoa mti mnyoofu wa kujengea, na matawi yake yanawaka vizuri. Sidhani kuna uamuzi muhimu kuliko huu katika mradi mzima, na hutauona kwenye bango lolote.

Kina mama wa Gazi nao wana lao. Kundi lao lina njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya tope, inayopita katikati ya mikoko kama mita 300. Mgeni analipa kiingilio, anatembezwa, anaelezwa mti huu ni upi na ule ni upi, na akitaka anapikiwa chakula cha baharini cha Kiswahili. Mbao zenyewe ziko kwa maji ya chumvi na jua, kwa hivyo nazo zinahitaji kubadilishwa. Kutunza tena. Hakuna kitu huku unachojenga mara moja ukasahau.

Mwaka 2017 mradi ulipata tuzo ya Equator Prize, inayotolewa na shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP. Mwaka 2019 majirani wao wa kusini, karibu na mpaka wa Tanzania, nao wakaanzisha wa kwao: vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu, hekta zaidi ya 400. Sasa hiyo ndiyo inaitwa kuigana vizuri.

Je, kila kitu ni shwari? La hasha, na si haki kukuuzia ndoto. Kwanza, mradi huu hauajiri vijana wengi. Mratibu mmoja, walinzi wachache, vibarua vya msimu, ndio hivyo. Kijana wa Gazi bado anategemea bahari, boda boda, au kazi za hoteli kule Diani. Anayekuambia kaboni itamaliza ukosefu wa ajira anataka kura yako. Pili, kuna watu wanaouliza kwa nini mtu wa Ulaya apande ndege roho safi kwa sababu mwanakijiji wa Kwale ameacha kukata mti. Ni swali halali, na mimi sina haraka ya kulijibu. Ninachokiona ni kwamba miti ingehitaji kulindwa hata kama mnunuzi hangekuwepo, na kwamba ni heri mpango ambao hesabu yake inafanyiwa barazani kuliko ule mwanakijiji anausikia tu redioni.

Maana kuna mipango ya aina hiyo ya pili. Biashara ya kaboni imeingia nchini kwa kasi, na si kila anayekuja na mkataba ana nia ya Gazi. Ndiyo maana sheria ya mabadiliko ya tabianchi ilifanyiwa marekebisho mwaka 2023, na sasa mradi wa kaboni wa ardhini unatakiwa kuipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka. Shika hiyo namba. Siku mtu atakapokuja kwenu na tai na makaratasi, babu yako atakutazama wewe uliyesoma, na itabidi umwambie kilichoandikwa.

Pengine unasema, mimi nyumbani ni Vihiga, au Nyeri, mikoko nitaitoa wapi? Sawa. Lakini chombo ambacho Gazi walitumia kiko pia kwenu. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inaruhusu wanaoishi kando ya msitu wa umma kuunda chama cha misitu cha jamii na kuingia makubaliano na shirika la misitu, KFS, ya kuusimamia pamoja. Msitu unabaki wa umma, hauwi shamba lenu, ila mnapata sauti na majukumu yanayoandikwa. Huenda chama hicho kipo tayari karibu na kwenu, na huenda waliojaa humo ni wazee watupu kwa sababu vijana walisikia "kikao" wakakimbia. Uliza kwa chifu, au kwa ofisi ya misitu ya eneo lenu. Watafurahi kupata mtu anayeweza kutumia kompyuta kuandika hesabu, niamini.

Sasa kuhusu Gazi kuna jambo moja la mwisho, na linawahusu walio rika lako. Mradi wa Mikoko Pamoja uliwekewa miaka 20, kutoka 2013. Yaani unafika tamati 2033. Mwaka huo kutakuwa na mkataba mwingine wa kujadili, bei nyingine, labda wanunuzi wengine kabisa, na pengine mtu mwenye ofa nono ya kujenga kitu pale pale ufukweni. Watakaoketi kwenye meza hiyo si wale wazee waliopanda 1991. Ni watoto waliosomea vitabu vilivyonunuliwa na kaboni, na ambao kuanzia wanazaliwa hawajawahi kuiona ghuba yao ikiwa kipara. Wataona kuna haja gani ya kuendelea na zamu za msituni? Baba zao walijua mti ukiisha pwani inakuwaje. Wao wameambiwa tu.

Ukitaka kwenda kujionea, angalia kwanza saa za maji, kwa sababu bamvua na maji mafu ni vitu viwili tofauti na ukifika maji yamejaa hutaona mizizi. Vaa viatu usivyovionea huruma. Beba pesa taslimu za kiingilio na za chakula, na upige simu mapema kama mko wengi, ili kina mama wapate muda wa kununua samaki. Na ukishafika katikati ya ile njia ya mbao, kabla hujatoa simu kupiga picha, muombe anayekutembeza akuonyeshe uliko msitu wa kupandwa na uliko wa asili, kisha umuulize lini walipanda mara ya mwisho na ni miche mingapi iliyopona.